Lebo ya Kumi na Nne

Suruali ilikuwa imelazwa juu ya meza ndefu ya chumba cha vielelezo, miguu yake miwili ikining'inia ukingoni kama ya mtu aliyechoka kusubiri. Tangu juzi ilipotolewa mtoni ilikuwa haijakauka. Tone moja lilijikusanya kwenye soksi ya mpira ya mguu wa kushoto, likanenepa, likaangukia beseni ambalo Koplo aliliweka chini. Inspekta alilitazama tone hilo na lililofuata, kisha akavaa glavu.

Ilikuwa suruali ya mtoni, zile wanazovaa wavuvi wa ndoano ya manyoya, iliyofungwa ifanane na mdudu, wanapoingia katika maji baridi ya juu milimani. Kitambaa chake kizito hakipitishi maji, humfika mtu chini ya kwapa, kina kanda mbili za mabegani na mkanda wa kiunoni, na huku chini kimeungana na soksi za mpira. Aliyekuwa ameivaa alikuwa mwongoza wavuvi, mtu mrefu mwembamba, mji mzima ukimwita Korongo kwa jinsi alivyoweza kusimama katikati ya mto kutwa nzima asitikisike. Sasa alikuwa amelala katika chumba cha baridi cha hospitali, mtaa wa pili kutoka hapo.

"Nisomee tena maelezo ya mteja wake," alisema Inspekta.

Koplo, dada mmoja wa miraba minne aliyekuwa katika mwaka wake wa tatu kazini, alifungua jalada. "'Niliteleza. Mwongozaji akaja kunisimamisha. Nikamsikia anasema, maji yanaingia. Akanisukuma mpaka ukingoni, nikapanda. Yeye akashika majani, akajaribu kupanda, miguu haikunyanyuka. Nikamshika kola ya jaketi. Jaketi halikuchanika. Mikono yangu ndiyo iliyoshindwa.'"

"Ukiwa ndani ya mto, maji huyasikii uzito," alisema Inspekta. "Ukitaka kutoka ndipo unapoyabeba. Ndoo mbili, ndoo tatu, kila mguu."

Aliipanua pale miguu inapokutana. Mshono ulikuwa wazi shubiri nzima. Utepe uliopaswa kuuziba kwa ndani ulikuwa umebanduka na kujikunja. Kisha akageuza kipande cha kifuani. Hapo ndani palikuwa na lebo ya kitambaa yenye picha ya samaki anayeruka, maneno "Imetengenezwa Nyumbani," na namba: 14.

Namba hiyo ndiyo iliyomweka mwanamke mmoja mahabusu tangu jana. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mvua inanyesha. Saa kumi jioni jalada lilipaswa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka: kusababisha kifo kwa uzembe.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa mke wa marehemu, amejifunga nguo nyeusi mpaka kichwani. Watu walimwita Mama Pacha, kwa watoto wake wawili wa darasa la tano. Alipomwona Inspekta akainuka.

"Afande, amekiri?"

"Bado, mama."

"Atakiri tu. Mungu hamfichi mtu."

"Umetia chochote tumboni?"

"Nitakula nikisikia amefungwa." Alizungusha kitambaa cha kufutia machozi mikononi. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, vikavu, vya siku nyingi. "Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni wake, vaeni ya hapa kwetu, ya hapa haivui roho ya mtu. Ona sasa."

"Nenda nyumbani, mama. Watoto watarudi mchana wakute mlango umefungwa."

"Nitakwenda. Lakini huyo mtu asilale kwake leo. Nimemwomba Mungu hilo tu."

*

Mwanamke aliyeletwa chumba cha mahojiano alikuwa mdogo wa umbo, na blauzi yake ilikuwa na madoa mawili ya maziwa kifuani. Koplo aliyaona, akavua koti lake akampa. Mtoto wa miezi minane alikuwa ameachwa kwa jirani.

"Kazini unaitwaje?" Inspekta alianza.

"Kumi na Nne. Hata mume wangu akinitania ananiita hivyo."

"Suruali umeiona?"

"Sijaonyeshwa kitu, afande. Bosi alinijia na askari wawili, akasema ni namba yako hiyo. Nikapandishwa gari."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo akatazama dari.

"Kailete," alisema Inspekta. "Na jaketi pia."

Mwanamke alipowekewa suruali mbele yake hakulia wala hakutetemeka. Aliigeuza ndani nje kama mtu anayechuna sungura, akafuata utepe kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto mpaka mwisho wake.

"Hizi ncha ni za mraba," alisema.

"Enhe?"

"Sisi tunakata mviringo. Mraba una pembe, na maji huanzia kwenye pembe kuinua utepe. Fundi mkuu wetu wa zamani, Mungu amrehemu, akiona pembe alikuwa anakutupia kazi yako miguuni mbele ya watu. Hii si yangu."

"Mtuhumiwa gani amewahi kusema ni yake?" Koplo aliuliza.

"Kweli, dada. Basi tazameni jaketi. Hilo ni langu, na sikatai. Korongo alilinunua mwaka juzi, akaja mpaka mezani kwangu kunishukuru."

Inspekta aligeuza jaketi. Namba 14. Kila utepe, begani, kwapani, kwenye kofia, ulikuwa umeishia kwa mviringo kama ukucha uliokatwa vizuri. Hata mmoja haukuinuka. Kola aliyoishika yule mteja ilikuwa imara kama siku ilipotoka kiwandani.

"Huenda siku hiyo ulikuwa na haraka," alisema.

"Haraka ninayo kila siku, afande. Mkono umeshazoea, unakata wenyewe."

"Hilo halitoshi mbele ya hakimu."

"Najua," alisema mwanamke. Alifunga koti la Koplo mpaka shingoni. "Saa kumi ni mbali?"

*

Kiwanda kilikuwa jengo moja refu la matofali nyuma ya mtambo wa zamani wa kukoboa nafaka, na mbele yake duka la vioo. Bosi aliwapokea ofisini kwake. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya msiba tangu mlangoni.

"Nimeumia kuliko mnavyodhani," alisema. "Suruali za kutoka nje zinauzwa theluthi ya bei yangu. Theluthi! Mtu ananunua ya kwangu kwa nini? Kwa sababu anajua imetengenezwa hapa, na nani kaitengeneza. Namba ni wazo langu. Kila fundi na namba yake."

"Inayotakiwa zaidi ni ipi?"

"Kumi na nne, kwa bahati mbaya. Waongoza wavuvi wanaingia dukani wanauliza, kumi na nne ipo? Utadhani wanaulizia nyama ya paja. Mwezi uliopita pekee tumeuza suruali mia moja na zaidi, nyingi ni za namba hiyo. Leo asubuhi watu watatu wamerudisha."

"Ulimleta mwenyewe kituoni."

"Ningefanyaje? Nikimficha mmoja, wote wakose kazi? Mkono uliokosea ukiondoka, kiwanda kitapona."

Inspekta aliandika, akaomba kuona ukumbi wa kazi.

Mashine za joto za kubandikia utepe zilikuwa sita. Nne zilikuwa zimefunikwa mashuka, na vumbi juu ya mashuka.

"Umeme umepanda bei," alisema Bosi kabla hajaulizwa.

Kwenye zile mbili walikuwa mafundi wawili, wameinama. Kando yao palikuwa na meza isiyo na mtu, na juu yake mkasi mmoja wa mkono wa kushoto na picha ndogo ya mtoto mchanga. Hapo ndipo palipokuwa pa Kumi na Nne.

"Suruali moja inakuchukua muda gani, mama?" Inspekta alimuuliza fundi wa karibu.

"Saa sita, afande. Ukikazana kweli kweli, tano." Alimtazama Bosi, akarudi kwenye utepe wake. Aliukata mwisho, mkasi ukazunguka kidogo. Mviringo.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha kupimia. Kwenye kulabu za ukutani zilining'inia suruali tatu zilizojazwa maji mpaka kifuani, nene, zimevimba, kama walevi watatu wasio na vichwa. Chini ya kila moja palitandikwa karatasi nyeupe. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda akizitazama. Huyo walimwita Babu Matone.

"Karibuni," alisema. "Msishangae. Kazi yangu ni kukaa na kutazama. Mke wangu anasema nimemwolea mke mwenza, na mke mwenza huyo ni maji."

"Unatazama kwa muda gani, babu?"

"Saa nzima kila moja. Karatasi ikiloa, suruali inarudi kwa aliyeishona. Isipoloa, naimwaga, naikausha, naitia nukta ya wino wa bluu ndani ya soksi ya kushoto. Wino ule ule wa kutia alama ng'ombe, hautoki ng'o. Jaketi nalitia ndani ya kofia."

"Kwa wiki unapima ngapi?"

"Suruali? Kumi na mbili. Wakijituma, kumi na tatu."

Koplo alifumbua mdomo. Inspekta alimkanyaga kidogo mguuni, akaandika. Kumi na mbili mara nne haifiki hata hamsini.

Akaifungua mifuko ya vielelezo aliyokuja nayo. Ndani ya kofia ya jaketi palikuwa na nukta ya bluu, imefifia lakini ipo. Ndani ya soksi ya suruali hapakuwa na kitu.

"Hii haijapita kwangu," alisema Babu Matone. Alivaa miwani, akaigeuza taratibu, soksi, magoti, kiuno, kifua. Alipofika kwenye lebo alisimama kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kabati.

"Ee Mola wangu. Nani katoboa hapa?"

"Umeona nini?"

"Njoo uone nyuma ya lebo. Unaona sindano ilivyopita mpaka nje? Matundu hayo, na hayana utepe. Afande, kwetu lebo inashonwa mwanzo kabisa, kitambaa kingali kipande. Kisha nyuma yake tunabandika utepe kuziba matundu. Suruali ikishapita mashine ya joto, sindano haiisogelei tena. Mtu akionekana nayo anafukuzwa siku hiyo hiyo. Hii lebo imeshonwa mwishoni, kwa mkono, na mtu asiyejua suruali ni kitu gani."

Mlangoni alikuwa amesimama mtunza stoo, kijana mnene mwenye fungu la funguo kiunoni, akihesabu zipu ndani ya boksi. Alikuwa ameacha kuhesabu.

"Basi mmepata jibu," alisema Bosi kwa haraka. "Kumi na Nne ni mwizi pia. Ameiba lebo za namba yake, anazitia kwenye mali ya bei rahisi, anauza mitaani. Namba ni yake, nani mwingine angehangaika nayo? Andika na hilo, afande. Wizi na udanganyifu."

"Lebo zinakaa wapi?"

"Stoo. Kwa kufuli."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi," alisema mtunza stoo. "Na bosi."

"Zimepungua?"

"Hazijapungua."

"Hujakwenda kutazama."

Mtunza stoo aliinama kwenye boksi lake la zipu, akaanza upya kutoka moja.

Garini Koplo alipiga usukani kwa kiganja. "Tumekuja kumpunguzia mzigo yule mama, tumemwongezea. Sasa ana makosa matatu badala ya moja."

"Ana matatu kama ni yeye aliyeshona lebo," alisema Inspekta. "Twende tukamuulize mkono wake."

*

Saa saba na robo, mbele ya Koplo na askari wa zamu kama mashahidi, Kumi na Nne alipewa sindano, uzi, kipande cha turubai na lebo moja iliyochukuliwa kiwandani.

"Ishone pande nne. Usijitahidi. Shona tu kama unavyoshona kwako."

Alishona kwa mkono wa kushoto, upesi, bila kuinua macho. Alipomaliza alipiga fundo, akakata uzi kwa meno. Inspekta aliweka turubai kando ya suruali, akavuta taa.

Mishono ya turubai ililalia kushoto. Ya suruali ililalia kulia, midogo, sawasawa, ya mtu mvumilivu. Mwisho wa turubai kulikuwa na fundo. Mwisho wa suruali, kwenye pembe ya chini ya lebo, hapakuwa na fundo. Palikuwa na mishono miwili mifupi iliyopitana, mmoja wima mmoja ulalo, kama alama ya kujumlisha.

"Andika," alimwambia Koplo. "Si mkono wake."

"Ni wa nani basi?"

"Sijui."

Kumi na Nne alirudishwa mahabusu. Alitembea akiwa ameukumbatia mwili wake. Inspekta alitazama saa, akasogeza kiti, akakaa mbele ya ile pembe ya lebo, wakati Koplo kwenye meza ya pili akiorodhesha vitu vya marehemu vya kukabidhiwa mjane.

"Saa ya mkono moja, imesimama," Koplo alisoma huku akiandika. "Kisu kidogo kimoja. Kikopo kimoja cha ndoano za manyoya. Shati moja jeupe, mfuko umeshonwa upya kwa mkono..."

"Hilo shati," alisema Inspekta. "Nipe."

Mishono ya mfuko ililalia kulia. Midogo, sawasawa. Na kwenye pembe ya chini, pale uzi ulipoishia, palikuwa na mishono miwili iliyopitana.

Koplo alikuja akainama juu ya bega lake. Tone likaanguka ndani ya beseni.

"Hapana, mzee," Koplo alisema mwishowe. "Yule mama ameshinda benchini siku mbili."

"Chukua vitu vyake. Twende tukamkabidhi."

*

Mama Pacha aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la daftari. Sare mbili za shule zilikuwa zimeanikwa ndani kwa sababu ya mvua, na sufuria ilikuwa jikoni, wali umepoa. Watoto hawakuwapo, dada wa marehemu alikuwa amewachukua.

"Karibuni. Amekiri?"

"Tumekuletea vitu vya mzee," alisema Inspekta.

Alivipokea kimoja kimoja, akaviweka mezani kama vyombo vya udongo. Shati alilinusa.

"Mfuko huu umeushona wewe?"

"Nani mwingine? Kila wiki alikuwa anautoboa kwa kile kisu. Nikamwambia, baba, nitaushona kwa waya."

"Na hii alama mwishoni?"

"Msalaba." Aliona haya kidogo. "Mama yangu alikuwa akifanya hivyo. Kila nguo ninayoimaliza naiwekea, nikisema kimoyomoyo, Mungu amlinde atakayeivaa. Wengine hawajui hata kama upo."

Pembeni mwa kitanda kulikuwa na gunia jeupe, limefungwa kamba.

"Na hilo, mama?"

"Za kiwandani hizo. Mtunza stoo ananiletea. Wamezidiwa na kazi, basi nawasaidia kutia lebo. Korongo alikuwa akicheka, anasema nyumba nzima sasa tunakula kwa suruali." Alitaka kutabasamu, akashindwa. "Tangu msiba sijazigusa. Mwambie anisamehe."

Koplo alifungua gunia. Zilikuwa suruali za mtoni, tano zina lebo, nyingine bado zimo ndani ya mifuko yake ya nailoni. Alifungua moja, akaifuata kwa kidole mpaka pale miguu inapokutana.

"Mraba," alisema.

"Kabla ya kutia lebo hii, unafanya nini kwanza?" Inspekta aliuliza.

"Nakata ile ndogo ya kiunoni. Ina maandishi ya watu wa mbali, siyajui. Mtunza stoo alisema ni ya aliyewauzia kitambaa."

"Na lebo zote alizokupa ni za namba moja?"

"Kumi na nne. Alisema wateja wanaipenda..."

Alitazama gunia, akatazama shati, akamtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Ya Korongo," alisema Inspekta polepole, "aliipata wapi?"

"Mimi nilimpa."

"Ulinunua?"

"Tulikuwa tunatimiza miaka kumi na mitano ya ndoa. Mtunza stoo akaniambia, mama, chagua moja ya mzee, bosi hatajua. Nikakaa nikazipekua zote nikachagua isiyo na kasoro. Ile yake ya zamani ilikuwa imechakaa magotini, lakini haikuwa ikivuja. Alitaka kuendelea nayo. Nikamwambia, baba, hii ni kumi na nne. Ivae." Alikaa kitandani. "Akaivaa."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Inspekta alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yake karibu na ya mama.

"Nilikaa kwenye benchi lenu siku mbili nikiomba afungwe," alisema Mama Pacha.

"Ndiyo, mama."

"Sindano yangu ndiyo iliyoingiza maji?"

"Hapana. Matundu ya lebo yapo kifuani, maji hayakufika huko mpaka mwisho. Utepe wa chini ndio uliobanduka, na huo hukuugusa. Nitaliandika hilo kwa mkono wangu."

"Lakini lebo ndiyo iliyomvalisha."

Inspekta alitoa karatasi na kalamu, akaviweka juu ya meza, karibu na shati.

Mama Pacha aliandika kwa herufi kubwa za darasani, taratibu, asifute hata neno. Kila alipofika mwisho wa mstari alivuta pumzi. Aliandika juu ya gunia, juu ya mtunza stoo, juu ya ile lebo ndogo aliyokuwa akiikata, juu ya zawadi. Alipoweka sahihi ilikuwa saa tisa na dakika tano. Inspekta alipiga simu kituoni akiwa amesimama mlangoni.

"Jalada lisiende. Mtoeni yule mama, mpeni gari mpaka kwa mtoto wake. Halafu tumeni watu kiwandani, Bosi na mtunza stoo wasitoke getini. Mashuka kwenye zile mashine yasiguswe, nayataka na vumbi lake."

Nyuma yake Mama Pacha alikuwa ameshusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Alilimimina kitandani. Zilikuwa lebo, samaki wengi wadogo wakiruka.

"Aliniletea mia moja," alisema. Alizihesabu akizipanga kumi kumi. "Zimebaki thelathini na moja."

Koplo alihesabu kwa vidole. "Umeshona sitini na tisa. Tano zimo humu. Moja ya marehemu." Akalitazama gunia. "Sitini na tatu ziko mitoni."

"Ukiziona utazijua?" Inspekta aliuliza.

"Kila moja nimeiombea," alisema Mama Pacha. "Nitaijua hata gizani, kwa kidole."

Alijifunga mtandio, akafunga mlango, akauliza akiwa na ufunguo mkononi, "Yule mama ana mtoto ananyonya?"

"Ananyonya."

"Basi nipitishie kwake kwanza. Kabla ya kwenda popote."

Barabara ya kwenda kwa Kumi na Nne ilipita juu ya daraja la mto. Maji yalikuwa ya kijivu, yamepanda, yanakwenda kwa kasi. Chini ya daraja, katikati ya mkondo, mtu mmoja alikuwa amesimama amezama mpaka kiunoni, akirusha kamba yake ndefu mbele na nyuma, ametulia, hana habari na dunia.

"Simamisha gari," alisema Mama Pacha.

Hakungoja lisimame vizuri. Alishuka kwenye mvua, akashika reli za daraja kwa mikono yote miwili.

"Toka!" alipiga kelele. "Wewe baba! Toka majini! Toka!"

Yule mtu aliinua uso, akatazama huku na huku, akajua ni yeye. Alikunja kamba yake kwa hasira, akaanza kuja ukingoni hatua kwa hatua. Inspekta alikuwa ameshateremka mtelezo mpaka majini. Alimpa mkono, akamvuta, na miguu ya mtu yule ilipanda ardhini myepesi, bila maji ndani.

"Kuna nini, jamani? Nimewakosea nini?"

Mama Pacha alikuwa amefika. Alimvuta kwa kipande cha kifuani cha suruali kama mama anayemvalisha mtoto, akaingiza kidole chake cha shahada ndani, nyuma ya lebo, akakipeleka mpaka pembe ya chini. Kidole kikasimama.

"Ni yangu," alisema. "Ivue, baba. Ivue hapa hapa."

Koplo alikuwa juu ya daraja, daftari mkononi, mvua ikilowesha karatasi. Alifuta namba moja, akaandika nyingine.

"Sitini na mbili," alisema.